Nimepokea Makochi Yangu, Mungu Awabariki

Mume wangu alikuwa mlinzi wa familia dhidi ya matapeli wa mtandaoni. Hakuna aliyempa kazi hiyo, alijiteua. Kabla hata hajanawa uso asubuhi, alikuwa ameshatuma maonyo kwenye makundi yote ya simu aliyomo: la ukoo wao kule Machakos, la wanaume wa kanisa, la wapangaji wa ploti yetu hapa Riruta, na la ofisini kwao mjini, katika idara ya serikali ambako kazi yake kubwa ni kupokea barua kutoka chumba hiki na kuzipeleka chumba kile. "Wapendwa, tahadhari," ndivyo alivyoanza kila mara. Kisha zilifuata kanuni zake. Usilipe kabla hujaona mali. Angalia ukurasa ulifunguliwa lini. Jina la anayepokea pesa lisipofanana na jina la duka, kimbia. Bei ikikufurahisha sana, kimbia zaidi.

Zilikuwa kanuni nzuri, nasema kwa haki kabisa. Shida ni kwamba mume wangu aliamini ziliandikwa kwa ajili ya watu wengine.

Jirani yetu wa mlango wa pili alipoagiza simu mtandaoni akaletewa kipande cha sabuni ya kufulia, kimefungwa vizuri ndani ya boksi, mume wangu alikwenda kumpa pole. Alirudi akicheka hadi akashika ukuta.

"Sabuni!" alisema. "Na alituma hiyo pesa na vidole vyake mwenyewe. Mtu mzima!"

Nilimwambia asimcheke mwenzake. Akasema hamcheki, anasikitika kwa sauti.

Mambo yetu yalianzia kwa shangazi yangu, dada ya baba, anayekaa Kitisuru. Yeye na marehemu mumewe walikuwa na shamba dogo kule Kinoo, enzi ambapo Kinoo ilikuwa viazi na ng'ombe. Mji ulipowafikia wakajenga nyumba za kupangisha, na kodi za wapangaji zikampandisha shangazi hadi Kitisuru, kwenye nyasi zinazokatwa kwa mashine na mbwa wanaokula kuliko walimu. Mimi ni mwalimu, kwa hivyo nimelinganisha. Mwaka huo shangazi aliamua kufanya ibada ya shukrani nyumbani kwake. Shukrani hiyo ilikuwa ya nini hasa, hakuna aliyejua kwa uhakika, lakini makochi mapya yalikuwa yameingia sebuleni wiki hiyo hiyo, na mimi nina maoni yangu.

Makochi yenyewe yalikuwa mazuri, sitayasingizia. Yalitengenezwa na fundi mmoja wa hapa kwetu, kando ya Naivasha Road, kwa mahameli nzito ya kijani, na miguu yake ilichongwa kama nyayo za simba. Shangazi alikuwa ameyapiga picha kutoka kila upande na kuzitundika mtandaoni ili kila mtu azione, pamoja na ramani ya kufika getini kwake, wageni wa ibada wasije wakapotea. Wageni waliisoma. Wengine ambao hawakualikwa waliisoma pia, lakini hilo tulikuja kulijua baadaye.

Siku ya ibada mume wangu aliketi kwenye kochi mojawapo, na hapo hapo akaacha kusikiliza mahubiri. Nilimwona. Alikuwa anapapasa mkono wa lile kochi taratibu, kama mtu anayefikiria kununua ng'ombe wa maziwa. Tuliporudi nyumbani alisimama sebuleni bila kuvua koti.

"Wanaume wa kanisa watakuja kuombea hii nyumba mwezi ujao," alisema. "Watakaa wapi?"

"Pale walipokaa mara ya mwisho."

"Mara ya mwisho mchungaji alizama."

Ilikuwa kweli. Springi za kochi letu zilikufa zamani, na mchungaji wetu ni mtu mwenye mwili. Alizama katikati ya maombi, akainuliwa na wazee wawili waliokuwa wamefumba macho kwa adabu.

Hazikupita siku nyingi, mume wangu akarudi kutoka kazini mapema, tai bado shingoni, ameshika simu kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba yai.

"Mama watoto, kaa chini uone."

Nilikaa, nikaona. Makochi ya kijani, nyayo za simba. Ukurasa wenyewe ulipendeza, una jina la kifalme na wafuasi wa kujaza uwanja wa mpira. Bei ilikuwa nusu ya ile aliyolipa shangazi. Chini yake, kwa maandishi mekundu, walisema zimebaki seti mbili tu.

"Si haya ni kama ya shangazi yako?"

"Si kama ya shangazi," nikasema. "Ni ya shangazi."

Nikaipanua ile picha kwa vidole. Ukutani, juu ya kochi refu, alining'inia marehemu mume wa shangazi kwenye fremu yake ya dhahabu, amevaa kofia ya manyoya, akitutazama kwa jicho lile lile alilokuwa akiwatazamia wapangaji waliochelewesha kodi.

"Huyu ni marehemu," nikasema. "Amefikaje dukani?"

Mume wangu akafikiri. Hapo ndipo nilipojua tumekwisha, maana mtu akishaanza kumtafutia tapeli majibu, tapeli mwenyewe hana kazi tena.

"Ni fundi," alisema, uso ukimng'aa. "Fundi ndiye alipiga hiyo picha siku ya kupeleka makochi. Sasa anauza mengine kama hayo. Kwanza hiyo ni ushahidi kwamba kazi ni yake."

Nikashuka kwenye maoni ya wateja. Walikuwa wengi, na wote walishukuru kwa maneno yale yale, kana kwamba wametoka kukaririshwa darasa moja: nimepokea mzigo wangu, Mungu awabariki, nimepokea mzigo wangu, Mungu awabariki. Katikati yao mmoja alikuwa ameandika: "Nimempokea wangu, amechangamka na anakula vizuri."

Nimefundisha ngeli za Kiswahili miaka mingi. Kuna mambo siwezi kuyapita.

"Baba watoto, hapa kuna mtu anasema kochi lake linakula."

"Ni makosa ya kuandika."

"Amesema nimempokea. Kochi si mtu."

"Mwalimu, usianze."

Sikuanza, niliendelea. Nilishuka hadi chini kabisa ya ukurasa, nikakuta kwamba mwaka uliotangulia duka hilo hilo lilikuwa likiuza watoto wa mbwa, weupe, wenye manyoya kama pamba. Wateja wa mbwa walikuwa wamehamishiwa kwenye makochi bila hata kupigwa pasi. Nikamwonyesha.

"Watu hubadilisha biashara," alisema mume wangu. "Hata shangazi yako alianza na viazi."

"Sawa. Waambie utalipa yakifika."

Alilegeza tai. Akatazama dirishani kana kwamba kuna mtu amemwita.

"Nishatuma nusu," alisema.

"Na jina lilitokea la nani?"

"La dada fulani."

"Fundi ni dada?"

"Labda ni bibi yake."

Siku zilizofuata nyumba yetu iliingia katika uhusiano na muuzaji. Sina neno lingine. Alikuwa na sauti nzito ya taratibu, na alimtumia mume wangu ujumbe wa sauti asubuhi na jioni. "Bosi wangu, usijali, mzigo uko ndani ya gari saa hii, ni hiyo ada ya kupakia imebaki." Ada ikatumwa. "Bosi wangu, askari wa barabarani wamesimamisha gari, wanataka bima ya mzigo." Bima ikatumwa. "Bosi wangu, wewe ni mteja wa kipekee, nimeongea na mkubwa akupunguzie kitu." Mume wangu alizisikiliza sauti hizo akiwa amesimama wima. Miaka yote aliyobeba barua pale ofisini hakuna mtu aliyewahi kumwita bosi, sembuse kwa upole namna ile. Nadhani sehemu ya pesa zile alilipia hilo neno, na kwa kweli hilo alipelekewa.

Kisha simu ya muuzaji ikazimwa. Mume wangu alisema ni betri. Kesho yake akasema ni mtandao. Jumamosi asubuhi alivaa suti.

"Naenda dukani kwao," alisema. "Anwani iko kwa ukurasa. Kuna watu wanafaa kuona uso wako ndio wafanye kazi."

Nilichukua mkoba wangu nikamfuata. Sikutaka kukosa.

Jengo lilikuwa upande wa chini wa mji, karibu na River Road, kati ya muuza mitumba na mtu anayerekebisha saa. Lifti ilikuwa imeandikwa kwa kalamu kwamba itatengenezwa. Tulipanda ngazi, tukapita washonaji, tukapita kanisa lililokuwa katikati ya nyimbo, tukafika kwenye mlango wenye namba tuliyopewa. Mume wangu alinyoosha koti, akasukuma. Tukajikuta katika kliniki ya meno.

Dada aliyeketi mapokezi hakungoja salamu.

"Mmekuja meno ama makochi?"

Mume wangu aliangalia tena namba ya mlango. "Makochi."

"Hapa kiti ni kimoja tu na ni cha kung'olea jino. Ukitaka kukikalia, jaza jina."

"Dada, sisi tumelipa," alisema mume wangu kwa sauti ya ofisini.

"Wote wamelipa, mzee. Juzi alikuja mwingine na futi ya kupimia. Daktari amechoka, anataka tuandike kwa mlango kwamba hatuuzi fanicha."

"Na mmekaa tu kimya, watu wakiibiwa kwa jina la mlango wenu?"

"Tuliandika kwa huo ukurasa kwamba ni wakora. Wakatubloku. Sasa hebu na mimi nikuulize," alisema, na sidhani alikuwa na ubaya wowote, "mbona mlilipa kabla ya kuona?"

Mume wangu, aliyekuwa akituma jibu la swali hilo kila asubuhi kwa ukoo mzima, aligeuka akaanza kusoma bango la ukutani kuhusu kupiga mswaki.

Tulikuwa bado tumesimama hapo simu yangu ilipolia. Alikuwa shangazi.

"Uko wapi?" aliuliza. "Kuna mama hapa kwa geti yangu na pikapu. Anasema amekuja kuchukua makochi yake. Nikamuuliza makochi gani, akanionyesha yangu. Kwa simu yake! Na mzee wangu juu ya ukuta! Njoo haraka kabla sijafungua mbwa."

Tukakodi teksi. Mume wangu alikaa nyuma amejikunyata hadi tulipoiacha mitaa ya mjini, lakini hewa ya Waiyaki Way ilimrudishia nguvu. Tulipokata kuelekea Kitisuru alikuwa ameshakuwa mtaalamu tena.

"Hiyo ni mbinu ya kawaida," alinieleza. "Wanaiba picha, wanaiba na anwani. Na kuhusu mambo yetu, usimwambie shangazi. Ni mjane, tusimpe mawazo."

Getini tulikuta pikapu kuukuu nyeupe, na dereva wake amejilaza kwenye usukani. Soja wa geti alikuwa amesimama na rungu lake, hajui alitumie wapi. Shangazi alikuwa ndani ya geti, viatu vya mpira vya bustani miguuni, mikono kiunoni. Na nje alisimama mama mmoja wa makamo, nguo ya kitenge iliyopigwa pasi vizuri, sweta begani. Hakuwa anapiga kelele. Alisema ni muuguzi mstaafu, anatoka Kinoo, na kwamba alitumiwa ramani ya ghala na muuzaji mwenyewe usiku uliopita, baada ya kumaliza kulipa. Nyuma ya pikapu alikuwa ameweka mablanketi yake ya nyumbani, yamekunjwa moja juu ya jingine, ya kufunikia makochi ili mahameli isiingie vumbi njiani.

Niliyatazama yale mablanketi, kicheko nilichotoka nacho mjini kikanikauka.

Mume wangu yeye alikuwa ameshasonga mbele, mkono kifuani.

"Mama, pole sana," alianza. "Pole kabisa. Lakini lazima tuambiane ukweli, mahali fulani ulikosea. Kanuni ya kwanza ni usilipe kabla hujaona mali. Je, uliangalia ukurasa ulifunguliwa lini? Jina la anayepokea pesa, ulilinganisha na la duka?" Akazitoa zote, pale getini, kwa suti yake, mbele ya soja na dereva aliyekuwa ameamka. Alipofika kwenye bei inayofurahisha sana, aliinua kidole.

Yule mama alimsikiliza bila kumkatiza. Alikuwa anamkazia macho. Kisha akafungua mkoba, akatoa miwani, akaivaa.

"Wewe nakujua," alisema.

"Labda kanisani. Mimi huhubiri mara moja moja."

"Hapana, si kanisani."

Akaitoa simu yake, akatafuta kwa kidole kimoja, polepole, huku midomo ikisoma. Halafu akaigeuza tukaona wote. Ilikuwa picha ya mume wangu, ile anayoipenda, aliyopigwa siku ya wanaume kanisani: suti, tai ya zambarau, kitabu cha nyimbo mkononi. Na kando yake, chini ya makochi ya shangazi, maneno haya: "Nimepokea makochi yangu leo. Ni imara na ya kupendeza sana. Hawa ni watu waaminifu, Mungu awabariki."

Mbwa wa shangazi walibweka mara moja.

"Mkwe wangu," alisema shangazi, "umepokea makochi?"

"Shangazi, hiyo ni..."

"Nauliza tu. Nilikuja kwenu Pasaka nikakalia kiti cha plastiki. Sasa hayo ya imara na ya kupendeza yako wapi?"

Ndipo ikatoka, kipande kwa kipande, huku akiitazama miguu ya soja. Muuzaji alimwambia kwamba mteja wa kipekee akiandika neno zuri, ataondolewa ada ya usafiri. Yeye aliona si uongo hasa. Makochi yalikuwa njiani. Aliandika mapema tu, ili yakifika ukweli uwe umeshatangulia.

"Kwa hivyo ulimwambia huyu mama umeyapokea," alisema shangazi.

"Sikujua kama kuna mtu atasoma."

"Lakini ulijua kama umeyapokea ama hujayapokea. Hiyo ulijua."

Yule mama hakumtukana. Ingekuwa rahisi zaidi kama angemtukana. Aliivua miwani akaifuta kwa pindo la sweta.

"Mimi si mtoto," alisema. "Niliona bei, nikaogopa. Niliona wale wengine wanaandika vitu vinafanana, nikasema hawa ni wakora, wacha niache. Halafu nikaona wewe. Nikakuza picha. Nikajiambia, mzee kama huyu, na kitabu cha nyimbo mkononi, hawezi kudanganya watu juu ya makochi. Nikatuma siku hiyo hiyo."

Mume wangu aliinua kidole tena. Nilimwona akitafuta kanuni, na hakukuwa na kanuni.

Shangazi alimwambia soja afungue geti. Hakuuliza mtu. Alimshika yule mama mkono akamwingiza ndani, akampitisha moja kwa moja sebuleni na kumketisha kwenye kochi refu, akaenda mwenyewe jikoni kuweka chai. Mimi nilikaa na mgeni. Yeye alipitisha kiganja juu ya mahameli mara moja, akakirudisha magotini kana kwamba amegusa kitu cha watu. Kisha akainua macho ukutani.

"Kumbe ni huyu," alisema. "Kila nikifungua simu nilikuwa namwona. Nilidhani ni mwenye duka. Nikasema, mwenye duka ni mkali lakini anaonekana ni mtu wa haki."

Shangazi, aliyekuwa akiingia na sinia, alicheka hadi akaliweka chini. Alisema mzee wake hajawahi kusifiwa hivyo akiwa hai, hasa na mtu wa Kinoo.

Mama yule alitueleza kwamba maisha yake yote ya kazi alikaa nyumba za hospitali, za kuhamishwa, kwenye viti vya serikali vilivyopakwa namba kwa rangi nyeupe mgongoni. Mtu akitoka anaviacha, anayekuja anavikalia. Sasa alikuwa amemaliza kujenga nyumba yake, na alitaka akifungua mlango aone kitu kisicho na namba. Aliyasema hayo kwa kawaida tu, akikoroga chai. Mume wangu alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwambia akae, na yeye, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe, yaani anioe, hakujikaribisha.

Hebu niliache hilo la nani alimwoa nani. Turudi sebuleni.

"Toa simu," shangazi alimwambia. "Hiyo sura yako iliandika uongo. Sasa iandike ukweli, hapo hapo chini ya makochi yangu."

Aliandika kwa dakika nyingi. Alitusomea, na kusema kweli yalikuwa maandishi mazuri, ya mtu aliyekasirika na anayejua kuandika barua. Akatuma. Tukayaona yametokea. Tukayaona yametoweka. Na ukurasa wote ukatoweka kwenye simu yake.

"Wamenibloku," alisema.

"Na yale ya kwanza?" nikauliza. "Uliyafuta?"

Hakuwa ameyafuta. Alikuwa amekimbilia kuandika mapya. Tukaufungua ukurasa kwa simu ya muuguzi: mume wangu alikuwa bado pale, tai ya zambarau, anashukuru kwa makochi yake, na sasa hakuwa na njia ya kuingia kuyaondoa. Shangazi aliandika malalamiko, mimi nikaandika, muuguzi akaandika, na kila mmoja wetu alifungiwa nje kwa zamu. Sura ya mume wangu peke yake ndiyo iliyobaki ndani, mteja mwaminifu.

Jioni ile, kwa amri ya shangazi, alituma ujumbe kwenye makundi yake yote. Ulianza vilevile kwa "Wapendwa, tahadhari," lakini safari hii tahadhari ilikuwa dhidi ya sura yake mwenyewe. Ukoo wa Machakos ulijibu kwa picha nyingi za nyuso zinazolia kwa kucheka. Jirani yetu wa sabuni alikuja mwenyewe kutoa pole. Alikaa, akanywa chai, hakucheka hata kidogo. Alimshika mume wangu mkono akasema ni mitihani ya dunia, na mume wangu aliniambia baadaye kwamba afadhali angecheka.

Jumatatu mume wangu na muuguzi walikwenda kituo cha polisi kuandikisha. Askari aliyewapokea aliuliza kama wana picha ya mshukiwa, na picha pekee iliyokuwa kwenye ule ukurasa yenye uso wa mtu aliye hai ilikuwa ya mume wangu. Ilichukua muda kueleza. Waliambiwa watapigiwa simu. Mpaka leo hawajapigiwa.

Kwa fundi wa Naivasha Road ndiko mambo yalikokwenda vizuri. Shangazi alimfuata na yale maneno yake ya kuzungumza na mafundi, ambayo si ya kuandikwa na mwalimu, akitaka kujua kama picha zilitoka kwake. Hazikutoka kwake, zilitoka kwa shangazi mwenyewe, na ramani juu. Aliposikia hivyo shangazi alitulia, na nadhani ndiyo maana alikuwa mkarimu katika yaliyofuata. Fundi alimtengenezea muuguzi makochi ya kahawia, bila nyayo za simba, kwa bei ya mbao na kitambaa. Shangazi alichangia. Mume wangu alichangia zaidi, na pesa zile zilikuwa za makochi yetu. Uamuzi huo haukupigiwa kura. Siku ya kuyapeleka Kinoo alikwenda, akavua koti, akasaidia kubeba, akarudi mgongo ukimuuma. Muuguzi alimpa chai na mkate, hakumpa msamaha wa maneno, na yeye hakuuomba kwa maneno.

Wanaume wa kanisa walikuja kuombea nyumba yetu kama walivyopanga. Tuliazima viti vya plastiki vya kanisa lenyewe, kwa hivyo walikalia viti vyao. Mchungaji aliomba kwamba roho ya udanganyifu isipate makao katika nyumba hii, wala kwenye simu za nyumba hii. Wazee waliitikia amina kwa nguvu nisiyowahi kuisikia.

Ukurasa haukufa. Ulibadilisha jina tu, ukaanza kuuza vigari vya kusukumia watoto wachanga, na wakora hawakujisumbua kusafisha. Kuna watu wa ofisini kwake wanaomtumia picha ya sura yake chini ya kigari cha rangi ya waridi, akishukuru kwamba ni imara na ya kupendeza, wakimuuliza ni lini mtoto atazaliwa.

Mimi na muuguzi tumekuwa marafiki. Hunitembelea akija kwa jamaa zake wa Kawangware, na huketi kwenye kiti cha plastiki bila kusema neno, jambo ambalo nalihesabu kuwa heshima. Juzi alinipigia. Ameona friji mtandaoni, nzuri, bei yake ya kuridhisha.

"Muulize mzee kama huo ni ukurasa mzuri," alisema.

"Unamwamini bado?"

"Sana. Akisema ni mzuri, nitaachana nao."

Nilimfikishia mume wangu ujumbe huo kama ulivyo. Hakukasirika. Aliomba simu yangu, akaketi mezani, akausoma ule ukurasa kuanzia juu hadi chini, maoni kwa maoni, kidole kikifuata mistari. Kisha akanirudishia.

"Mwambie aende dukani," alisema. "Aifungue mlango, aweke mkono ndani, asikie baridi. Na asiniandike mahali."